Ndondi Shuleni na Wajibu wa Mwalimu

Itajwapo Kirumba ya Mwanza, mawazo ya wengi huenda kwenye uwanja wa mpira. Ndondi hazikumbukwi upesi, ingawa mchezo huo umekwisha kuiletea nchi yetu heshima kubwa. Titus Simba alipata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akatwaa ya dhahabu huko Kuala Lumpur mwaka 1998. Wapo wanachuo ambao, wakisikia majina hayo, hutamani kuanzisha vikundi vya ndondi mara tu watakapopangiwa shule. Nia yao ni njema. Lakini yafaa wajue mapema kwamba kazi ngumu ya mkufunzi wa mabondia si kumfundisha mtoto kupiga, bali kumzuia asipigane kabla ya wakati wake.

Ndondi huanzia miguuni. Mtoto hufundishwa kusimama mguu mmoja mbele, kidevu amekiinamisha, mikono ikiulinda uso. Kisha husogea mbele na nyuma bila kupishanisha miguu. Zoezi hilo, pamoja na kuruka kamba, laweza kuchukua majuma mengi, na watoto hulichoka upesi. Wao wanataka glavu. Wazazi nao huuliza pambano litakuwa lini. (Wengine huja kumwondoa mtoto wao wakiamini kwamba ndondi ni uhuni, hao wasipuuzwe, bali waalikwe kukaa na kutazama zoezi zima.) Tena, mtoto aliyeamka alfajiri kumsaidia mzazi kazi ya dagaa huko Mwaloni, akaja zoezini jioni hajala, asivalishwe glavu siku hiyo, hata awe hodari namna gani. Mwili uliochoka huchelewa kukwepa.

Kuhusu kichwa hatuna budi kusema kwa ukali. Pigo zito huutikisa ubongo ndani ya fuvu. Ndiyo sababu kanuni za ndondi za ridhaa humtaka bondia aliyepoteza fahamu kwa pigo la kichwa apumzike kwa muda maalumu. Ikiwa mtu mzima huhifadhiwa hivyo, sisi twaona kwamba katika shule ya msingi pasiwe na pigo la kichwani hata moja. Watoto na wapige gunia lililojazwa matambara. Watakaosema kwamba hizo si ndondi wajiulize medali ipi ina thamani kuliko akili ya mtoto tuliyekabidhiwa ajifunze kusoma.

Malipo ya kazi hii huja polepole. Mtoto mwepesi wa hasira hugundua mwenyewe kwamba hasira humfanya apige ovyo na kuishiwa pumzi. Mwalimu naye hulazimika kumtazama mtoto mmoja mmoja, nafasi ambayo darasa lililojaa humnyima.

Kwa hiyo twapendekeza mwanachuo anayetaka kufundisha ndondi ajifunze kwanza dalili za mtikisiko wa ubongo: maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, usahaulifu. Akiziona, amwachishe mtoto zoezi papo hapo na kumpeleka zahanati, hata kama mtoto mwenyewe anasisitiza kwamba yu mzima.