«On time» si «in time»



Katika somo la Kiingereza wengi wanachanganya «on time» na «in time». Kumbe Kifaransa tunachokijua kinatusaidia. «On time» ni «à l'heure», ndiyo kusema kwa saa yenyewe iliyopangwa. «In time» ni «à temps», ndiyo kusema mbele ya kuchelewa. Kengele ikilia na wewe uko umekwisha kukaa darasani, uko «on time». Mgonjwa akifikishwa kwa munganga angali muzima, amefika «in time», hata kama hakuna saa iliyopangwa.

Sasa mawazo yangu ni haya: kwetu wengi wanaridhika na «in time» tu. Wanaingia mbio mbele mwalimu hajafunga mlango, kisha wanasema: «Sikuchelewa!» Lakini wenzetu wanaotoka mbali kwa miguu wamefika zamani, nao wanangojea wale wanaolala hapa hapa shuleni. Hiyo ni haki gani? Walimu nao, tunawaomba kwa heshima, watutangulie kwa mfano. Somo likianza nusu saa nyuma, hiyo nusu saa hatutaiona tena siku ya ekzame.

Kuponea mlangoni si kushika saa.