Usiahirishe Tena Sasisho Hilo

Ile taarifa ndogo inayojitokeza pembeni mwa kioo cha kompyuta yako, ikikuomba uruhusu sasisho, usiifunge leo.

Iruhusu.

Sababu ni moja, na wengi hawajaambiwa. Kampuni inapotoa sasisho la usalama, siku hiyohiyo inakuwa imeitangazia dunia nzima kwamba programu yake ina mwanya. Wahalifu hulipakua sasisho lilelile unaloliahirisha wewe. Hulilinganisha na toleo la zamani, kipande kwa kipande, mpaka waone kilichobadilishwa. Wakishajua kilichobadilishwa, wameshajua pa kupigia. Kazi inayobaki ni kuwatafuta ambao hawajasasisha.

Wanakutafuta wewe.

Hawalijui jina lako wala hawana haja nalo. Programu zao hupita kwenye anwani za intaneti moja baada ya nyingine, usiku na mchana, zikipima kila mashine inayojibu. Kwa hiyo lile swali la "mimi nina nini cha kuibiwa?" halina uzito kwao. Hawakukuchagua kwa utajiri wako. Wamekukuta tu na toleo la zamani.

Na cha kuibiwa unacho. Kompyuta ya nyumbani ndiyo iliyohifadhi nakala ya hati ya kiwanja na vyeti vya watoto. Ndiyo yenye picha za harusi na za mzee aliyekwisha kufariki. Ndiyo yenye hesabu za duka la mama. Barua pepe yako nayo imo humo, imeachwa wazi, haiulizi nywila. Anayeishika barua pepe yako huomba nywila mpya za akaunti zako nyingine zote, na ujumbe wa kuzibadilisha humfikia yeye.

Haya si mambo ya kufikirika. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba mwanya katika sehemu ya Windows inayowezesha kompyuta kushirikishana faili. Tarehe 14 Aprili kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani zana za udukuzi zilizoibwa kutoka NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Moja ya zana hizo, EternalBlue, ilipenya kwenye mwanya huohuo. Ijumaa ya tarehe 12 Mei kirusi WannaCry kikaanza kusambaa. Hakikungoja mtu abofye chochote. Kilihama chenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine, kikazifunga faili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Aliyechelewa siku tatu alidaiwa 600.

Kompyuta zaidi ya 200,000. Nchi zipatazo 150.

Huko Uingereza, ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ilikuta kwamba taasisi 80 au zaidi za hospitali za umma, kati ya 236, ziliathirika. Katika maeneo matano wagonjwa wa dharura walilazimika kupelekwa mbali zaidi. Miadi ya matibabu iliyofutwa ilikadiriwa kupita 19,000.

Kati ya 14 Machi na 12 Mei kuna siku 59.

Siku 59 sasisho lilikuwepo. Siku 59 lilikuwa bure. Na zilizoanguka hazikuwa mashine za kale zilizotelekezwa stoo. Kaspersky, kampuni ya kinga dhidi ya virusi, ilipochunguza, ilikuta karibu waathirika wote walikuwa wakitumia Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unapata masasisho kila mwezi. Walichokosa ni kusasisha.

Baada ya hapo ungedhani kila mtu amesikia. Tarehe 27 Juni mwaka huohuo kirusi NotPetya kikaanzia Ukraine, kikiitumia EternalBlue ileile pamoja na mbinu nyingine. Maersk, kampuni kubwa ya meli za makontena, ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Mwanya uleule, wiki chache tu baada ya kilio cha kwanza.

Sasa tazama lililo mezani kwako.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10. Office 2016 na Office 2019 zilisitishiwa siku hiyohiyo. Kompyuta hazikuzimika. Asubuhi ya pili yake ziliwaka kama kawaida, na watu wakaendelea na kazi zao wakiamini hakuna kilichotokea.

Kilichotokea ni hiki. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi zinazofanana. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa masasisho ya Windows 11, na kila sasisho huonyesha palipokuwa na mwanya. Mara nyingi mwanya huo umo pia ndani ya Windows 10. Kwenye Windows 11 umezibwa. Kwenye Windows 10 iliyoachwa, umetangazwa tu. Microsoft yenyewe ilitoa onyo la namna hii mwaka 2013, ilipokuwa ikijiandaa kuiacha Windows XP.

Kila mwezi orodha ya mianya inarefuka. Haifupiki.

Kwa hiyo anza kwa kujua unatumia nini. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Jina la mfumo na toleo lake litatokea. Ikiwa ni Windows 11, fungua mipangilio, ingia Windows Update, agiza itafute masasisho, uyaache yaingie hadi mwisho, kisha zima na kuwasha upya. Hapo kwenye kuwasha upya ndipo wengi wanapokwama. Wanapakua, kisha wanaufunika mfuniko wa laptopu wiki nzima bila kuizima. Sasisho lililopakuliwa bila kompyuta kuwashwa upya mara nyingi linakuwa halijafanya kazi bado.

Ikiwa ni Windows 10, ukurasa huohuo utakuambia kama mashine yako inaipokea Windows 11. Ikiipokea, panda. Mwenye leseni halali halipi chochote. Isipoipokea, Microsoft iliweka mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama, na tarehe ya mwisho iliyotangazwa kwa watumiaji wa nyumbani ni 13 Oktoba 2026. Kujiunga kunafanyika hapohapo kwenye Windows Update, kwa mashine yenye toleo la 22H2. Unaingia kwa akaunti ya Microsoft, kisha ama unalipa dola 30, ama unakubali mipangilio yako ihifadhiwe huko bila malipo. Mpango huu ni wa kununua muda. Usiutumie muda huo kulala.

Iko njia nyingine ambayo wengi wanaiogopa bure: Linux Mint, mfumo wa kutumia badala ya Windows. Hailipiwi, inapata masasisho, na mashine yenye RAM ya GB 4 inaimudu vizuri. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa chochote ndani ya kompyuta. Kwa nyumba ambayo kompyuta ni ya kuandika barua, kusoma na kuingia intaneti, mimi ningeichagua hiyo kuliko kubaki na Windows iliyoachwa.

Anayetaka kununua mtumba asikilize hapa. Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo na katikati ya Nairobi zilitumika kwanza katika ofisi za ng'ambo. Ofisi zinazoachana na mashine zisizoipokea Windows 11 zitaziuza, na mnunuzi wa mwisho anaweza kuwa wewe. Kabla ya kutoa pesa, soma jina la prosesa. Kwa Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha nane kwenda juu. i5-7200U ni kizazi cha saba: iache. i5-8250U ni cha nane: endelea kuikagua. Muuzaji akikuambia "hii nimeiwekea Windows 11 tayari" kwenye mashine ya kizazi cha saba au chini yake, ujue amelazimisha. Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo.

Hapo tunafika kwa fundi. Nasema hili kwa heshima, maana mafundi wa mitaani ndio wanaotuwekea kompyuta zetu hai. Lakini wako wanaoweka Windows isiyo na leseni, wakaifungua kwa programu ya kughushi leseni, kisha wakaizima kinga na kuyazima masasisho ili ughushi usigundulike. Mteja anarudi nyumbani na kompyuta safi kwa macho, isiyoweza kujilinda. Na ile programu ya kughushi yenyewe imetoka kwa nani? Hakuna anayejua. Mwezi Mei 2025 Microsoft ilieleza kwamba ndani ya miezi miwili ilikuta kompyuta zaidi ya 394,000 duniani zimeingiliwa na Lumma, programu inayoiba nywila kutoka kwenye vivinjari. Programu za kulipia zilizofunguliwa bila leseni zilikuwa moja ya njia zilizoieneza.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, muulize: masasisho yamewashwa? Mwambie afungue Windows Update uone kwa macho yako. Kama ukurasa umezimwa, kazi haijaisha.

Wengine wameyazima masasisho wenyewe kwa sababu ya bando. Sababu hiyo ni ya kweli. Sasisho la mwezi hula mamia ya megabaiti, wakati mwingine hupita gigabaiti moja, na bando si bure. Lakini liko jambo la kufanya. Kama ndani ya nyumba au ofisi ndogo kuna kompyuta zaidi ya moja, Windows inaweza kupakua sasisho kwenye moja na kuzigawia nyingine kupitia mtandao wa ndani. Kazi hiyo inaitwa Delivery Optimization, imo kwenye mipangilio ya ziada ya Windows Update. Aliye peke yake atumie bando la usiku, mara moja kwa mwezi, katika juma la Jumanne ya pili. Panga bajeti ya bando hilo kama unavyopanga ya umeme.

Usiishie kwenye Windows. Kivinjari ndicho kinachokutana na watu usiowajua kila siku. Chrome hujisasisha, lakini sasisho haliingii mpaka ukifunge na kukifungua upya. Kifunge.

Na WinRAR, ile programu ya kufungua faili zilizobanwa! Imo karibu kila kompyuta ya mtaa wetu, na haijisasishi yenyewe. Mwaka 2019 ilibainika kwamba ilikuwa na mwanya uliokaa humo kwa takribani miaka 19. Mwaka 2023 ukapatikana mwingine, ukiwa tayari unatumiwa na wahalifu, ukazibwa katika toleo la 6.23. Mwaka 2025 mwingine tena, ukazibwa katika toleo la 7.13. Aliyewekewa WinRAR na fundi miaka mitano iliyopita na asiiguse tena, anayo mianya hii miwili ya mwisho mpaka leo. Akitumiwa faili la ankara lililobanwa, akalifungua, basi. Nenda tovuti ya WinRAR yenyewe uchukue toleo jipya, au uifute.

Wahalifu wanajua kwamba tunahimizana kusasisha. Kwa hiyo huweka kwenye kurasa za intaneti matangazo yanayosema "Chrome yako imepitwa na wakati, pakua hapa." Usipakue. Sasisho la kweli huja kutoka ndani ya programu au ndani ya mipangilio ya mfumo. Haliji kutoka kwenye ukurasa wa habari, wala kwa mtu anayekupigia simu akidai anatoka Microsoft.

Wapo watakaosema masasisho nayo huharibu. Ni kweli, hutokea. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na ndege zikashindwa kuruka. Lakini sasisho lile liliondolewa siku hiyohiyo, na faili za watu hazikuibwa. Kinga dhidi ya sasisho bovu ni nakala. Kukataa kusasisha si kinga.

Nakala, basi. Nunua diski ya nje, nakili vitu vyako vyote, kisha ichomoe. Ichomoe kweli. Kirusi kinachofunga faili hufunga pia diski iliyoachwa imechomekwa. Maersk iliposhambuliwa, nakala zake za mashine zinazosimamia mtandao mzima wa kampuni zilifutika kila mahali isipokuwa Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika, mashine ikawa imezimika, virusi havikuifikia. Usimamizi wa mtandao huo ulirejeshwa kutoka kwenye nakala hiyo moja. Wewe usingoje umeme ukatike.

Fanya haya leo jioni: nakala kwanza, kisha Windows, kisha kivinjari, kisha WinRAR. Halafu wapigie wazazi wako, au shangazi mwenye kile kiduka cha steshenari ambako watu wa mtaa mzima huchomeka flashi zao, uulize kompyuta yao inatumia toleo gani. Wasipojua, nenda ukaangalie mwenyewe wiki hii.