Ngamia wa Garissa na Simu ya Tunduma



Ndugu msomaji, mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa nchini Kenya lilianza kuwapakia ngamia masanduku ya vitabu huko Garissa na kuwapeleka kwa wafugaji wanaohamahama, wengi wao Waislamu wa Kisomali. Sababu ilikuwa dhahiri: mfugaji hawezi kuiacha mifugo yake akaifuata maktaba mjini, basi maktaba ikamfuata yeye malishoni.

Nimeukumbuka mfano huo baada ya kikao cha wazazi msikitini kwetu Tunduma. Mzee wetu mmoja alitaka vijana wote wanyang’anywe simu, kwa kuwa zimewapotezea swala na masomo. Mama mmoja akauliza kwa adabu, “Sawa, mzee wangu. Tukishazichukua, tunawapa nini badala yake?” Kikao kilikwisha bila jibu.

Hofu ya mzee ni ya kweli. Mji wetu ni wa mpakani. Malori hupita usiku na mchana, na mzazi hurudi kutoka katika biashara amechoka. Mtoto hubaki na simu, akaangalia chochote kinachomjia. Lakini swali la mama ni la kweli pia. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, maktaba ya mkoa tuliyoizoea ilibaki jijini Mbeya, zaidi ya kilometa 100 kutoka hapa. Ni mzazi gani atatoa nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kitabu kimoja? Kwa kijana wetu, simu ndiyo ngamia. Kilichobaki ni kumpakia mzigo wenye kheri.

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ina wajibu wa kumsogezea mwananchi vitabu. Kwa mtazamo wangu, maktaba zetu zaweza kuanza na mambo matatu.

Kwanza, orodha ya vitabu iwekwe mtandaoni, ili msomaji ajue kitabu kipo kabla hajapanda basi, na aombe awekewe.

Pili, mkutubi afungue chaneli ya Telegram au WhatsApp, ambamo namba za watoto hazionekani kwa wengine. Kila juma atambulishe kitabu kimoja kwa maneno machache, na asome kisa kifupi kwa sauti, kisichomaliza kifurushi cha mzazi.

Tatu, apokee maswali. Hapa ndipo penye faida kubwa kwetu. Kila siku tunatumiwa maneno yanayonasibishwa na Mtume (SAW), bila jina la kitabu wala la mpokezi, pamoja na agizo la kuwatumia watu kumi. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamuru kuzichunguza khabari. Mkutubi hatoi fatwa, lakini aweza kutuonesha maneno hayo yamo katika kitabu kipi au hayamo, kisha masheikh wakatufafanulia.

Tahadhari moja ni lazima. Kupiga picha kitabu kizima na kukisambaza bila idhini ni kula jasho la mwandishi. Vya halali havikosekani: Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vinavyosomwa bila malipo.

Nasi tusiiachie serikali peke yake. Kamati za misikiti ziandikie halmashauri na maktaba kuomba huduma hizi. Nyumbani, tutenge usiku mmoja wa juma baada ya Isha: simu moja katikati ya jamvi, mtoto asome sura moja, wengine wasikilize. Mzazi asiyejua kusoma asione haya. Kuketi kwake pale ni somo kwa wanawe. Simu iliyosomwa mbele ya baba na mama haifichi mengi.

Hilo ndilo ningemjibu yule mama. Amri ya kusoma ndiyo wahyi wa kwanza, nayo ilimfikia Mtume (SAW) pangoni, mahali pasipo na rafu ya vitabu. Umbali wa maktaba hautakuwa udhuru wetu.

Wabillahi tawfiq.