Volkano kwa siku moja: msafiri wa Shinyanga na Geita ajue nini?

Serikali inatuhimiza Watanzania tutembelee vivutio vyetu, na wito huo umeongezeka tangu filamu ya Royal Tour ilipozinduliwa mwaka 2022. Huku kwetu Shinyanga na Geita swali ni la mfukoni: je, inawezekana kwenda kuona hifadhi ya volkano na kurudi siku hiyo hiyo?

Jibu fupi ni hapana. Hifadhi za taifa zilizo karibu nasi, Kisiwa cha Rubondo na Burigi-Chato, si za volkano. Volkano ziko upande wa Arusha: Mlima Meru, wenye mita 4,566, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, na bonde la Ngorongoro. Kutoka Shinyanga mjini hadi Karatu, mji ulio jirani na Ngorongoro, ni zaidi ya kilomita 500 kupitia Nzega, Singida na Babati. Ukipitia Bariadi na Lamadi utakatisha Serengeti, na huko nako kuna kiingilio chake.

Pesa inaishia wapi?

Wengi hudhani kizuizi ni geti. Sivyo. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kikilinganishwa na dola 60 na kodi juu yake ambazo mgeni hutozwa Ngorongoro. Kinachomaliza pesa ni gari, mafuta na malazi ya njiani.

Kikundi kikikodi basi kitapunguza gharama, lakini basi halishuki bondeni. Huko huruhusiwa magari yenye nguvu ya magurudumu yote manne, kwa kibali, na saa 12 jioni lazima yawe yametoka. Wa basi wataishia ukingoni. Hata hivyo si hasara: kutoka juu unaliona bonde lenye kina cha mita 600 hivi na eneo la kilomita za mraba 260 hivi, lililobaki baada ya volkano kubwa kuporomoka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita.

Volkano iliyo mlangoni

Kuna volkano nyingine ambayo tunapita kando yake tukienda gulioni. Mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, umechimbwa ndani ya koo la volkano iliyokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Moto wake ulipandisha kutoka chini sana ya ardhi mwamba uitwao kimbalaiti, uliobeba almasi. Koo hilo lina ukubwa wa hekta 146 hivi, miongoni mwa makubwa zaidi duniani yanayochimbwa. Mjiolojia John Williamson kutoka Kanada aliligundua mwaka 1940. Hata baadhi ya miamba ya dhahabu ya Geita chanzo chake ni volkano, za kale zaidi, miaka zaidi ya bilioni 2.5.

Lakini Mwadui si hifadhi. Ni mgodi, na mtu haingii bila kibali. Majirani wanaufahamu zaidi kwa upande wa madhara: Novemba 7, 2022, bwawa la tope la mgodi lilipasuka, na tope likafunika mashamba na nyumba katika kijiji cha Ng'wang'holo.

Kwa mtazamo wetu, hapo ndipo pa kuanzia. Anayebeba mzigo wa mgodi anastahili pia kupata elimu yake. Shule za Kishapu na Maganzo ziko umbali mfupi kutoka kwenye volkano, ilhali mwanafunzi anaweza kumaliza darasa la saba akidhani volkano ni jambo la Arusha tu. Wazazi na walimu wanaweza kupeleka ombi kwa maandishi, kupitia halmashauri, wanafunzi wapokelewe mgodini kwa siku moja, chini ya usimamizi na wakiwa na vifaa vya usalama.

Ngorongoro tuendelee kuichangia kidogo kidogo. Ila safari ya kwanza ya volkano inaweza kuanzia hapa nyumbani, watoto wakaondoka asubuhi na kurudi kula chakula cha jioni kwao.