Mtoto asiyetulia haombi tableti

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa si mbali sana.

Kuna watoto ambao kwao kukaa kitako dakika tano ni adhabu. Wanazunguka, wanaruka kutoka kwenye kochi, wanagonga ukuta, wanatafuna kola ya shati. Tunawaita watukutu. Mpwa wangu ni mmoja wao, na mwalimu wake alishasema dawa ni kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kiboko shuleni, lakini fimbo bado haijatoka vichwani mwetu.

Tufikirie kama mafundi. Simu yako ina kihisi kinachojua umeilaza, ndiyo maana picha inageuka. Mwili nao una vihisi vyake. Sikio la ndani hupima mizunguko na mwendo wa kichwa. Misuli na viungo huuambia ubongo mkono uko wapi na unatumia nguvu kiasi gani. Mwaka wa 1972 Mmarekani A. Jean Ayres aliandika kitabu kuhusu watoto ambao ubongo wao huunganisha habari hizi kwa shida. Wataalamu bado wanabishana kama hilo ni tatizo la kujitegemea. Sawa, wabishane. Huhitaji jina la ugonjwa ndipo umruhusu mtoto aruke.

Siku hizi dawa yetu ya mjini ni tableti. Mimi ninayelipwa kuandika programu nakwambia: skrini inalisha macho na masikio tu. Mtoto ananyamaza, lakini misuli yake haijapata kitu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, na skrini isizidi saa moja.

Basi mpe kazi nzito kidogo: abebe kidumu cha maji, akande unga wa chapati, aruke kamba, apande mti. Afanye hivyo kabla ya kazi ya shule, si baada yake. Darasani atumwe kufuta ubao na kugawa madaftari. Akianguka sana, akijiumiza au akichelewa kuongea, mpeleke kwa daktari.

Nanyi mnaojenga ploti hadi kwenye ukuta wa jirani, mtoto achezee wapi? Acheni hata hatua kumi za udongo. Hakuna programu nitakayoandika itakayochukua nafasi yake.