Kiambaa na jina tunaloitana
Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na akina mama na watoto waliokimbilia humo. Ghasia za uchaguzi ule ziliua zaidi ya watu 1,000. Taifa lilijifunza kitu: mwaka 2010 tukapata Katiba mpya. Lakini jirani tuliyemwita kwa jina la mwanawe aligeuka kuwa “mtu wa kabila fulani”, na jina hilo Katiba haiwezi kulifuta. Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge nyumba na kuuombea mema mji ule ule wa waliowateka. Hakuwaambia wasahau Yerusalemu (hapo wahubiri wengi hupita haraka). Mpendwa msomaji, leo mkipeana amani kanisani, utamgeukia nani?