Somo la Vioo: Kutazama Kutangulie Kuchora

Katika madarasa mengi somo la vioo huanzia ubaoni. Mwalimu huchora mstari, hutoa kanuni za miale, na wanafunzi hunakili. Baadaye wanafunzi hao hao huulizwa taswira yao iko wapi wanapojitazama, nao hujibu kwamba iko juu ya uso wa kioo. Kwa maoni yetu kasoro hii haitokani na wanafunzi bali na mpangilio wa somo. Twapendekeza mpangilio huo ugeuzwe: kutazama kwanza, kupima pili, kuchora mwisho.

Tuchukue kioo bapa. Wanafunzi huambiwa kwamba taswira iko nyuma ya kioo, kwa umbali ulio sawa na ule wa kitu kilicho mbele yake. Jambo hili ni gumu kusadikika, kwani nyuma ya kioo hapana kitu ila ukuta. Basi mwalimu asimamishe kipande cha kioo cha dirisha mezani, mahali penye kiza kidogo. Mbele yake, kwa umbali wa sentimita 20, aweke mshumaa unaowaka; na nyuma yake mshumaa wa pili, ulio sawa na ule wa kwanza lakini haukuwashwa. Mwanafunzi mmoja atazame kutoka mbele, na mwenzake ausogeze mshumaa wa nyuma mpaka utambi wake uonekane unawaka, utazamwapo kutoka kushoto na kutoka kulia pia. Wakipima watapata sentimita 20 au karibu nazo. Kisha mwenzake aguse utambi ule: ataonekana ametia kidole katika mwali, wala haungui. Aliyeshuhudia hayo hana haja ya kukaririshwa kwamba taswira ya kioo bapa si halisi.

Vioo vilivyopinda huleta utata zaidi, kwa sababu hufundishwa kana kwamba vina sheria zao. Sivyo. Katika kila nukta ya kioo, pembe ya mwale unaoanguka ni sawa na pembe ya mwale unaoakisiwa. Kinachobadilika ni mwelekeo wa uso tu. Wanafunzi watano wenye vioo bapa vidogo wasimame juani katika safu iliyopinda kama upinde, na kila mmoja apeleke mwanga wake mahali pamoja kwenye ukuta ulio kivulini, pasipo kummulika mtu machoni. Kila mmoja atalazimika kuinamisha kioo chake tofauti kidogo na jirani yake, na doa litazidi kung'aa kila kioo kinapoongezwa. Hapo darasa limekwisha kuunda kioo mbonyeo, na limeifahamu fokasi kabla ya kulisikia jina lake.

Kioo mbinuko nacho chaweza kuanzia kwenye mgongo wa kijiko king'aacho, ambako uso huonekana wima na mdogo, ilhali upande wa ndani huupindua. Kutoka hapo wanafunzi waongozwe hadi kwenye kioo cha pembeni cha gari. Vingi vya vioo hivyo ni mbinuko, ili dereva aone eneo pana. Lakini kwa kuwa taswira ni ndogo, gari linalokuja nyuma hudhaniwa liko mbali kuliko lilivyo. Dereva asiyelijua hilo huhatarisha maisha yake na ya wengine, na madereva hao wamo madarasani mwetu leo.

Wako watakaosema kwamba madarasa yamejaa, vifaa hakuna, na mtihani hutaka michoro. Zana tulizozitaja ni kipande cha kioo cha dirisha, mishumaa miwili, vioo vya mkononi na kijiko. Michoro nayo hatuipuuzi: mwanafunzi aliyepima huichora akijua kila mstari unawakilisha nini, na swali likigeuzwa hababaiki. Kwa hiyo twawaomba wakufunzi, wakaguapo andalio la somo la vioo wakati wa mazoezi ya kufundisha, waulize kwanza wanafunzi watapima nini, ndipo waulize mwalimu atachora nini.